Mtu Bila Daftari: Jinsi ya Kumtafuta Aliyeshikwa na Kudai Kumbukumbu Zake

Hii ni hotuba niliyoitoa Kisauni, Mombasa, mbele ya kina mama, wazee wa mtaa na vijana wa bodaboda. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wangu wa bodaboda mlioacha abiria wa jioni mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki: ahsanteni sana. Nitaanza na msemo ambao kila mtoto aliyelelewa dukani hapa pwani ameufunzwa kabla hajajua kupima sukari. Nikianza, mnimalizie. Mali bila daftari...

Naam, nimewasikia. Hupotea bila habari.

Sasa nawauliza. Na mtu je? Mtu bila daftari hupoteaje?

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alishikwa. Ilikuwa Ijumaa, magharibi imeshaadhiniwa. Alitoka kwenda kununua mahamri kona ya pili, na kukawa na msako. Wenzake waliokimbia ndio waliotuletea habari: amepakiwa kwenye gari la polisi. Mimi na mama tulivaa tukatoka. Kituo cha kwanza tulichofika, askari wa mezani alituuliza jina, akatazama chini kidogo, akasema, "Hatuna mtu wa jina hilo." Mama akamshukuru. Tukaondoka.

Tulizunguka usiku ule. Tulizunguka Jumamosi kutwa. Jumapili asubuhi mama alikaa kitandani, akajifunga leso, akaniambia neno ambalo sitalisahau: "Twende tukatazame hospitali, kule nyuma." Mnajua kule nyuma ni wapi. Tulikwenda chumba cha maiti, mama yangu na mimi, tukatazama nyuso za watoto wa watu.

Jumatatu karani wa mahakama alinisomea orodha ya walioletwa asubuhi ile. Jina la baba yetu lilikuwa limewekwa mbele, jina la mdogo wangu nyuma, na herufi mbili zimekosewa. Ni yeye. Na alipotoka kwa dhamana alituambia alikuwa wapi siku zote zile: kituo kile kile cha kwanza. Alikuwa nyuma ya ukuta. Alimsikia mama akishukuru.

Ndugu zangu, nimekuwa msaidizi wa sheria mitaani tangu baada ya jambo hilo, na kila familia inayonijia ninaiona imekosea pale pale tulipokosea sisi. Tuliuliza kwa mdomo. Tukajibiwa kwa mdomo. Hatukuandika jina la aliyetujibu wala saa. Hatukuuliza kitabu.

Kitabu kipi? Hebu tukae hapa kwanza, maana hapa ndipo penye mzizi.

Kila kituo cha polisi Kenya kina Kitabu cha Matukio, kile mnachokiita OB. Ukienda kuripoti umeibiwa simu, unapewa namba ya OB. Namba ile ina maana yake: kwanza nambari ya tukio kwa siku hiyo, halafu siku, mwezi na mwaka. Ukiambiwa 23, mkwaju, 14, mkwaju, 6, mkwaju, 2025, yaani 23/14/6/2025, hilo ni tukio la ishirini na tatu lililoandikwa tarehe 14 Juni 2025. Na kama mwizi wa simu anaandikwa mle, basi na aliyeshikwa huandikwa mle. Akiingizwa, anaandikwa. Akitolewa kupelekwa mahakamani, anaandikwa. Akihamishwa kwenda kituo kingine, anaandikwa.

Mbali na OB kuna rejista ya waliowekwa korokoroni. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kwenye jedwali lake la tano, imetaja kinachopaswa kuandikwa: jina la aliyeshikwa, sababu ya kushikwa, tarehe na saa, afisa aliyemshika, siku atakayofikishwa mahakamani, na kama amehamishwa, amehamishiwa wapi na lini. Mama, hayo si mambo ya kuomba kwa unyenyekevu kana kwamba unaomba chumvi kwa jirani. Yameamriwa yaandikwe. Ukifika mezani usiulize tu "mwanangu yuko hapa?" Uliza hivi: "Naomba mtazame OB na rejista ya seli, tangu saa fulani ya jana. Mtazame kwa jina hili, na kwa jina la babake, na kwa namba ya kitambulisho." Herufi hukosewa. Jina la utani huandikwa kama jina la kweli. Said huandikwa Saidi, Mwanaisha huandikwa Mwana Aisha, na Mgiriama huandikwa kwa jina la ukoo pekee. Wape njia tatu za kumtafuta.

Nao wakisema hayupo? Waambie: "Sawa afande, naomba mniandikie kwenye OB kwamba nimefika saa hii kumuulizia fulani na nimeambiwa hayupo. Mnipe namba." Hapo mambo hubadilika. Nimeona kwa macho yangu askari akisikia hivyo akinyanyuka kwenda kutazama seli mara ya pili. Kusema hayupo ni jambo jepesi. Kuandika hayupo, kwa mkono wako, juu ya jina lako na saa, ni jambo jingine kabisa.

Na hapa nisahihishe jambo ambalo naliona kila wiki. Watu wetu wakitafuta kumbukumbu za aliyeshikwa wanakwenda ofisi za kaunti. Wanapanga foleni kwa gavana. Ndugu zangu, polisi ni wa serikali ya taifa. Gavana hana korokoro lenye OB. Hata kanjo, askari wa kaunti, wakimshika kijana wako kwa ajili ya mkokoteni wa mahindi, mfuateni kwenye kituo cha polisi walikomwacha na kwenye mahakama watakakompeleka. Kwa hapa Mombasa, fikirini hivi: kumbukumbu ya kwanza iko kituoni, Nyali, Bamburi, Makupa, Changamwe, Likoni, popote aliposhikwa. Ya pili iko mahakamani, mjini au Shanzu, na kama ni mtoto, Tononoka. Ya tatu iko gerezani, na kwetu mahabusu wengi huishia Shimo la Tewa. Juu ya vituo vyote yuko kamanda wa polisi wa kaunti. Huyo ndiye wa kumwandikia kituo kinapokunyamazia. Ukijua madaftari haya matatu yako wapi, hutazunguka siku tatu kama sisi.

Sasa niwaambieni kwa nini nakazania kuandikwa. Wengine wananiambia, "Dada, unapigia kelele karatasi, watu wanapigwa." Sikilizeni habari hii.

Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani alitoka mahakama ya Mavoko, kule Machakos, pamoja na mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda. Vijana wangu, mnanisikia? Mwendesha bodaboda kama nyinyi. Alikuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi. Walipotoka mahakamani siku hiyo walitekwa, wakafungiwa kwenye kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Hapakuwa na shtaka. Hapakuwa na hakimu aliyepelekewa majina yao. Wakili yule, mtu aliyeijua sheria kuliko sisi sote humu ndani, alichokipata ni kipande cha karatasi ya msalani. Akaandika, akakirusha nje ya seli, na mpita njia akakiokota.

Fikirini. Wakili mzima, na daftari lake la pekee ni karatasi ya choo.

Miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk siku chache baadaye. Kesi ilichukua miaka. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja, na Februari 2023 mmoja wao akahukumiwa kifo, waliobaki vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Lakini mimi kila nikiisoma habari ile, narudi kwenye kile kikaratasi. Mtu aliyejua sheria, saa ya mwisho, alitafuta kalamu. Alijua kwamba asiyeandikwa mahali popote anaweza kufanywa lolote.

Basi tusiseme karatasi ni kitu kidogo.

Tuingie kwenye sheria yenyewe, na nitakwenda polepole maana hii ndiyo sehemu nataka mtoke nayo.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 49, inasema aliyeshikwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini ameshikwa. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Lakini kuna kamlango: saa 24 zikiishia nje ya muda wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, anapelekwa siku ya kazi inayofuata. Sasa mnaelewa kwa nini misako mingi inawaumiza watu Ijumaa jioni. Mwanao akishikwa Ijumaa, usilale hadi Jumatatu ukingoje. Wikendi ndiyo ya kufanya kazi: mtafute, umwone, uulize bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa ahadi ya maandishi kwamba atafika mahakamani. Bondi ya polisi hailipiwi. Nasema tena kwa walio nyuma: bondi ya polisi hailipiwi. Ukiombwa pesa taslimu kama dhamana, dai risiti.

Kisha Kifungu cha 35. Hiki kinasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Kupata Habari, namba 31 ya mwaka ule, ikaweka miguu kwenye haki hiyo. Nitawapa mambo yake machache.

Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Imo ndani ya sheria. Msimtafute mtu wa kuwaandikia Kiingereza cha kupinda mdomo. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, atasema kwa mdomo na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuwasilisha ombi ni bure. Ukitozwa, utatozwa gharama halisi ya nakala tu. Jibu lapaswa kuja ndani ya siku 21. Na sasa tegeni masikio: habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.

Saa 48! Mtu aliye korokoroni, si uhuru wake ndio ulioshikwa? Basi usikubali kuambiwa siku 21. Andika kwenye barua yako kwa herufi kubwa: HABARI HII INAHUSU UHURU WA MTU, NAOMBA JIBU NDANI YA SAA 48.

Na wakikuuliza unaitakia nini? Kwa habari iliyo mikononi mwa serikali, sheria inasema haki yako haipungui kwa sababu unayoitoa. Mahakama Kuu ilisema hivyo hivyo mwaka 2017, pale Katiba Institute ilipodai habari za matangazo ya serikali: raia halazimiki kueleza anaitakia nini. Jibu kwa adabu: "Afande, ni haki yangu ya Kifungu cha 35." Basi.

Barua yenyewe iweje? Mwaka jana mama mmoja muuza viazi karai alinijia. Mwanawe amechukuliwa siku mbili, vituo vitatu vimemkana. Tulikaa kwenye kibaraza chake, karai likipoa, tukaandika kwenye karatasi iliyokatwa daftari la shule la mjukuu. Ilikuwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Kaunti. Mimi fulani, mwenye kitambulisho namba kadhaa, naomba habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwanangu fulani, ajulikanaye pia kwa jina fulani, alichukuliwa mahali fulani, tarehe fulani, saa fulani, na watu waliojitambulisha kuwa polisi, gari la rangi fulani. Naomba kujua: ameandikwa kwenye OB au rejista ya seli ya kituo chenu? Kwa namba gani? Kwa kosa gani? Afisa gani alimshika? Yuko wapi sasa, na atafikishwa mahakama gani, lini? Habari hii inahusu uhuru wa mtu, naomba jibu ndani ya saa 48."

Ni hayo tu. Hakuna matusi, hakuna kulia. Tulitengeneza nakala mbili pale kwenye duka la fotokopi. Alipofika, aliomba nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Askari akakataa. Mama akakaa. Alikaa kwenye benchi la kituo kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na leso yake na barua yake, hapigi kelele. Baadaye akatoka afisa mwingine, akasoma, akapiga muhuri, na jioni ile ile simu ikaita: kijana yuko kituo kingine, amehamishwa, atapelekwa Shanzu kesho. Jina lake lilikuwepo kitabuni siku zote.

Sisemi kila barua hujibiwa. Nimeandika nyingi zilizolala. Ndiyo maana sheria imeweka ngazi ya pili: ukinyimwa, au ukinyamaziwa, unakwenda kwa Ombudsman, ile tume ya kusimamia haki za mwananchi mbele ya ofisi za serikali, nayo ina tawi hapa Mombasa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko. Unapeleka nini? Ile nakala yenye muhuri. Bila muhuri huna cha kulalamikia. Na kama kuna dalili polisi wamevunja sheria, kuna IPOA, mamlaka huru inayowasimamia. Peleka huko na huko, usichague.

Kuna ndugu humu ndani ambao najua hawana vitambulisho. Wapemba wetu wametambuliwa juzi tu, mwaka 2023, na wengine bado karatasi zao hazijakamilika. Nataka niseme nanyi kwa uwazi. Sheria ya habari inampa haki "raia". Kwa hiyo barua iandikwe na jirani mwenye kitambulisho, au wakili. Lakini Kifungu cha 49, kile cha saa 24 na kuambiwa sababu, hakisemi raia. Kinasema mtu aliyeshikwa. Wewe ni mtu. Usikubali kunyimwa hicho.

Sasa mahakama. Nitapita upesi kidogo, maana mahakamani kumbukumbu ni wazi zaidi kuliko kituoni. Aliyeshtakiwa ana hati ya mashtaka na namba ya kesi. Orodha ya kesi za siku hubandikwa, na siku hizi mahakama huiweka mtandaoni. Nenda masjala na jina na tarehe aliyofikishwa, uombe namba ya kesi, na ukishaipata iandike hata ukutani. Hukumu nyingi, hasa za Mahakama Kuu, zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Anayetaka kujua kesi fulani iliishaje asitegemee porojo za maskani.

Lakini kama hayupo kituoni, wala hayupo mahakamani, na una sababu ya kuamini polisi wako naye? Hapo ndipo kuna ombi linaloitwa habeas corpus. Maana yake kwa Kiswahili cha nyumbani ni: mleteni mtu huyo mbele ya jaji, mwili wake uonekane. Katiba, Kifungu cha 25, imelitaja miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile.

Mnakumbuka Kitengela? Agosti 19, 2024, baada ya maandamano ya vijana, wanaume watatu walichukuliwa kule, wawili kati yao ndugu wa tumbo moja. Chama cha Wanasheria kilikwenda Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aje aeleze watu wako wapi. Hakuja. Akaitwa tena. Mara saba hakufika. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akampa wiki moja ajisalimishe au ajirekebishe. Tarehe 20 Septemba wale watatu wakaachiwa, wako hai, baada ya siku 32. Afisa yule baadaye aliomba radhi na adhabu ikaondolewa, na hilo lina mjadala wake. Mimi nataka mshike jambo moja: ombi moja lililofunguliwa kwa karatasi lilimfikia mkubwa wa polisi wa nchi nzima. Familia zile hazikukaa kimya, na majina yao yaliendelea kusomwa mahakamani wiki baada ya wiki.

Je, kila mtu aruhusiwe kupekua OB anavyotaka?

Naona wengine mnatikisa vichwa kuitikia. Mimi nasema hapana, na nitawaeleza. Katika kitabu kile mna mama aliyebakwa. Mna mtoto aliyenajisiwa na mjomba. Mna mtu aliyetoa siri ya wauza unga wa mtaa wake. Sheria ya habari yenyewe inazuia habari inayoingilia faragha ya mtu bila sababu au inayohatarisha maisha. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda zaidi watoto, na mtoto chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa. Unapodai, dai ukurasa unaomhusu mtu wako. Usiombe kitabu kizima.

Jamaa zetu walio Marekani wanatuambia kwamba huko kaunti nyingi zina jela chini ya sherifu, na orodha ya walioshikwa huwekwa kwenye mtandao, jina, kosa, dhamana na picha ya uso. Kumtafuta ndugu ni dakika mbili. Kwa hilo nawaonea wivu. Mama yangu hangefika kule nyuma ya hospitali. Lakini tovuti za biashara zilizichukua picha zile, zikawa zinatoza watu pesa ili kuziondoa, hata waliofutiwa kesi, mpaka majimbo kama California yakalazimika kupiga marufuku ulipishaji huo. Kushikwa si kupatikana na hatia. Tunataka jina liandikwe ili mtu asipotee. Hatutaki libandikwe ili adhalilike.

Na aibu hiyo tunayo hapa kwetu kwa sura nyingine. Kuna kijana wa mtaa huu, yuko humu ndani na ameniruhusu nimseme bila jina. Alipata kazi ya udereva Ghuba. Pasipoti tayari, vipimo vya afya tayari. Likabaki lile cheti la tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Akaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akapigwa alama za vidole, likarudi na kesi. Kesi gani? Alishtakiwa akiwa na miaka kumi na tisa, mlalamishi hakufika kortini, ikaisha. Yeye alidhani ikiisha imefutika. Haifutiki yenyewe. Alama zako zilichukuliwa uliposhtakiwa, na kama matokeo ya kesi hayakupelekwa makao makuu ya DCI, Kiambu Road, Nairobi, daftari la kule bado linakungoja.

Alifanya nini? Alirudi masjala ya mahakama, akaomba nakala ya uamuzi iliyoidhinishwa kwa muhuri, akaipeleka DCI na barua. Maana Kifungu kile kile cha 35 kina sehemu ya pili ambayo watu hawaijui: kila mtu ana haki ya kudai habari ya uongo au ya kupotosha inayomdhuru irekebishwe au ifutwe. Ilichukua miezi. Ile nafasi ya kwanza ilimpita, na hilo linaniuma hadi leo. Ya pili aliipata.

Kwa hiyo kijana uliyewahi kushtakiwa, hata kama ulishinda, usingoje siku ya visa. Nenda mwezi huu ukachukue nakala ya uamuzi. Na usome kilichoandikwa: kuachiliwa kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kesi inapoondolewa, si sawa na kuachiliwa huru kwa kukosekana ushahidi, kwa maana kesi iliyoondolewa inaweza kurudishwa. Kama hujui yako ni ipi, niletee tusome pamoja.

Nimeona saa. Nimeona pia yule mama wa safu ya pili mwenye buibui ya kijivu, ambaye tangu nilipotaja saa 48 ameshika picha ya pasipoti mkononi na hajaishusha. Mama, sijakusahau. Wengine tutaendelea na maswali baada ya swala. Karatasi ziko kwenye meza ya nyuma, kalamu zipo, na duka la fotokopi pale ng'ambo ya barabara halifungwi hadi saa mbili usiku.

Njoo hapa mbele, mama. Kaa karibu nami. Jina lake kamili ni nani? Na la babake? Alichukuliwa wapi, saa ngapi?